xfstests inagoma kujengeka? Maswali yenu ya wiki hii

Haya wakuu, wiki hii karibu kila aliyeniandikia anagombana na xfstests, ile seti ya testi iliyozaliwa kampuni ya SGI kwa ajili ya faili sistemu ya XFS na siku hizi inapima ext4, btrfs, NFS na ndugu zao wengine. Wengi hata kwenye testi zenyewe hamjafika, mmekwama kuijenga. Twende.

Kaka mambo, nimepandisha mashine kwenda Debian 13, xfstests ileile iliyokuwa inakompaili vizuri sasa inatema maerror kibao. Nimeharibu wapi? (Uyole)

Poa mkuu, hujaharibu kitu. Debian 13 imekuja na kompaila ya GCC 14, na kuanzia hiyo 14 ya mwaka 2024 ukiita fanksheni ambayo haijatangazwa ni error kabisa, zamani ilikuwa onyo tu watu wanapita nalo. Na sio mara ya kwanza, GCC 10 ya 2020 nayo ilikataa variabo za globali zilizorudiwa kwenye faili mbili, na glibc 2.28 (laibrari kuu ya C) ya 2018 ilileta statx yake, fanksheni ya kusoma taarifa za faili, ikagongana na programu zilizokuwa zimejiandikia ya kwao. Yaani kazi ya kutunza hii kitu nusu yake ni kukimbizana na kompaila.

Vuta toleo jipya la xfstests, halafu safisha kwa git clean -xdf uanze upya, maana configure ya zamani (skripti inayokagua mashine ina nini kabla ya kujenga) inakumbuka mashine ya zamani. ILA kopi local.config yako (faili la mipangilio ya diski zako za testi) pembeni kwanza, hiyo amri inaifuta nayo, git inaihesabu kama takataka.

Na tafadhali usiniwekee -fpermissive, inayogeuza hizo error kuwa maonyo, ili tu ipite. Fanksheni isiyotangazwa, C inadhani inarudisha int, sasa kama kumbe inarudisha pointa ya biti 64 unabaki na nusu, testi inaanguka, unaanza kulaumu faili sistemu ya watu bure.

Shikamoo kaka. Make imepita, check (skripti ya kuendesha testi) imeandika "Passed all", hakuna hata moja iliyofeli. Niwaambie ofisini tumemaliza? (Kihesa, Iringa)

Marahaba dada, subiri kwanza usiwaambie.

Panda juu kidogo ya hiyo "Passed all" uangalie mstari wa "Not run". Zilizorukwa hazihesabiwi kama zilizofeli, ni kama mwalimu anayesahihisha uliyojibu tu halafu anakuandikia mia kwa mia. Na kuruka kwingi chanzo chake ni siku ya kujenga. Fungua folda ya m4 utaona makro za aina mbili, zenye NEED na zenye WANT. Ya NEED ikikosa kitu configure inakufa palepale, unajua, unaenda kusakinisha. Ya WANT ikikosa inaandika "no" katikati ya mistari mia inayokimbia kwenye skrini na maisha yanaendelea, make inapita, na programu za folda ya src zinazotegemea hiyo laibrari hazijengwi. Libaio, laibrari ya kusoma na kuandika bila kusubiri (aio), ndio mfano mzuri, bila libaio-dev (ndio jina lake Debian na Ubuntu) testi nyingi za kundi la aio zinaishia Not run.

Kibaya zaidi ni fsstress, ile iliyoko kwenye folda ya ltp inayopiga faili sistemu operesheni hovyohovyo kwa kubahatisha. Ikijengwa bila liburing (laibrari ya io_uring, njia mpya zaidi ya kerneli ya kusoma na kuandika) zile operesheni za uring ndani yake zinabaki ganda tupu, testi inakimbia, inapita, na hakuna sehemu yoyote itakayokuandikia Not run. Hii mimi ndio inaninyima usingizi kuliko error yoyote nyekundu, maana nyekundu unaiona.

Kwa hiyo hapo ofisini hifadhi matokeo ya configure ya kila mashine, na kila mkijenga upya linganisha na ya mwisho kwa diff. "Yes" iliyogeuka "no", simamisha kila kitu.

Mkuu nimeongeza testi yangu kwenye generic (folda ya testi za faili sistemu zote), kundi la quick la testi fupi haliioni kabisa. (Njombe)

Piga make tena. Tangu 2021 orodha za makundi haziandikwi kwa mkono, zinazalishwa wakati wa kujenga kutoka kwenye ule mstari wa _begin_fstest ndani ya kila testi. Nashukuru sana walivyobadilisha, maana zamani kila mtu alikuwa anagusa faili lilelile, kuunganisha kazi za watu ilikuwa ugomvi mtupu. Na kama testi yako ina kiprogramu cha C, kiongeze kwenye Makefile ya src pia, hakitajijenga chenyewe.

Huku kwetu umeme unakatika ovyo. Hii kitu inaweza kupima umeme ukikatika au mpaka nichomoe waya? (Tunduma)

Usichomoe bwana! Kuna kiprogramu kinaitwa godown kinachoizima faili sistemu ghafla, testi zake utazipata kwa ./check -g shutdown. Nyingine zinatumia dm-flakey, inakaa kati ya faili sistemu na diski na kutupa maandishi kana kwamba umeme umekwenda. Ila dm-flakey iwe imewashwa kwenye kerneli, isipokuwepo utarudi kwenye zile Not run za dada wa Kihesa.

Nina laptopu moja tu na bando la kuungaunga, naweza? (Makambako)

Unaweza. Chukua kwa git clone --depth 1, historia yote huihitaji. Tengeneza faili kubwa mbili, zigeuze diski kwa losetup, moja iwe TEST_DEV (diski ya testi inayobaki na data) nyingine SCRATCH_DEV (ya kuchezea), na fanya yote ndani ya mashine pepe maana testi nyingine zinaangusha kerneli nzima. SCRATCH_DEV inafomatiwa mara kwa mara bila kukuuliza, kwa hiyo soma jina la diski mara mbili kabla hujabonyeza enter.