Kwa nini rumba yetu inafubaa kwenye AM?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio, hukodi saa mbili kila Jumapili kwenye kituo cha AM, kuanzia saa 10 jioni. Tunapiga rumba, muziki wa dansi na taarab kidogo. Studio sauti ni safi, lakini kwenye gari matoazi hayasikiki kabisa na gita la solo limefubaa. Tangu Novemba, kipindi kikivuka nusu, mawimbi yanapanda na kushuka na watu wanapiga simu kusema tumepotea. Fundi wa kituo anasema AM ni ya maneno, si ya muziki. Ni kweli? Tufanyeje?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Fundi wenu amesema nusu ya ukweli. AM ilibeba muziki kwa miongo mingi huko huko Marekani. WABC ya New York, kilohezi 770, ilikuwa kituo cha muziki kilichowahi kuwa na wasikilizaji wengi mno, na muziki uliendelea hadi tarehe 10 Mei 1982 ilipogeuka kuwa ya mazungumzo. FM ilikuja na stirio, yaani sauti ya pande mbili, kushoto na kulia, na sauti pana, wapenda muziki wakahamia huko, na watengenezaji wa redio wakaacha kuihangaikia AM. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tatizo lenu haiko kwenye mtambo wa kituo, iko kwenye redio za wasikilizaji.

Vituo vya AM Marekani hupangwa kwa hatua ya kilohezi 10, na kituo kinaruhusiwa kurusha sauti inayofika karibu kilohezi 10, yaani mitetemo 10,000 kwa sekunde. FM hufika 15. Lakini redio nyingi za gari, ili zisichanganye vituo jirani na zisiingize makelele, hukata kila kilicho juu ya kilohezi 3 au 4. Huo ni upana wa simu ya mezani. Noti za gita la solo zinapita zote, hata kwenye sebene, maana noti ya juu kabisa ya gita haifiki kilohezi moja na nusu. Kinachokatwa ni ule ukali wa kidole kinapochomoa waya. Matoazi na kayamba sauti zao nyingi ziko juu zaidi, ndiyo maana zinatoweka. Fidla ya taarab inabaki, ila inasikika kama inapigwa chumba cha pili.

Jaribuni hivi. Fungueni wimbo kwenye programu ya kuhariri sauti, wekeni kichujio kinachokata juu ya kilohezi 3, kisha usikilizeni kwenye spika ndogo. Hicho ndicho anachosikia msikilizaji wenu barabarani. Kama sauti ya mwimbaji imemezwa na tumba, wimbo huo hautafika. Kichujio ni cha kupimia tu, msipeleke kituoni wimbo uliokatwa.

Watangazaji wengi hapo hukimbilia kuongeza sauti nyembamba za juu. Msifanye hivyo. Redio itazikata vilevile, na njiani zitakuwa zimeisukuma mashine ya kudhibiti sauti ya kituo ibane wimbo mzima. Ongezeni desibeli 2 au 3 kati ya kilohezi 1.5 na 3, punguzeni besi nzito iliyo chini ya hezi 60, basi. Besi hiyo hula nguvu ya mtambo na spika za magari mengi haziitoi. Tumieni pia faili ambazo hazijabanwa. Wimbo uliopakuliwa kwa ubora hafifu, ukipita tena kwenye mashine ya kituo, hutoka na sauti ya maji yanayochemka.

Jambo la pili ni mono, yaani pande mbili za stirio kuunganishwa kuwa sauti moja. Marekani iliwahi kuwa na stirio ya AM, lakini mwaka 1982 mamlaka ya mawasiliano, FCC, iliacha soko lichague mfumo, na ilipokuja kuchagua mfumo wa C-QUAM wa kampuni ya Motorola mwaka 1993 watu walishaondoka. Leo chukulieni kwamba kila anayewasikiliza kwenye AM anasikia mono. Nyimbo za kisasa zilizotanuliwa kwa madoido hupoteza magita au waitikiaji pande mbili zikiunganishwa, kwa hiyo bonyezeni kitufe cha mono kwenye mikisa kabla ya kuamua. Hapa muziki wa zamani unawabeba. Rekodi za OK Jazz, bendi ya rumba ya Kongo, za mwishoni mwa miaka ya 1950, au za muziki wa dansi zilizofanywa studio za Radio Tanzania, zilikusudiwa redio za aina hii hii: sauti ya mwimbaji mbele, magita yameachiana nafasi. Mimi ningeanza kipindi nazo.

Mavumo ya chaja na taa za LED hamuwezi kuyazuia. AM husoma kupanda na kushuka kwa nguvu ya wimbi, na makelele hayo huingia kwa mlango huo huo. Punguzeni tu vipande vya kimyakimya.

La Novemba ni la jua. Mchana tabaka la chini la ayonosfia, yaani anga ya juu yenye chembe za umeme, hufyonza mawimbi ya AM yanayopanda juu. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yanaakisiwa kutoka juu na vituo vya mbali vinaingiliana. Ndiyo maana FCC huvilazimisha vituo vingi kupunguza nguvu au kubadili mwelekeo wa antena usiku. Columbus, mwezi Desemba, jua huzama saa 11 na dakika chache, katikati ya kipindi chenu. Juni huzama karibu saa 3 usiku. Ombeni saa 8 mchana kuanzia Novemba hadi Februari. Ratiba ya kubadili nguvu kwa kila mwezi imo kwenye leseni ya kituo, iulizieni.

Mwisho, muulizeni fundi kama kituo kina kirudishi cha FM, yaani mtambo mdogo unaorusha vipindi hivyo hivyo kwenye FM. Vituo vingi vya AM vimepata virudishi vya hadi wati 250, hasa baada ya FCC kulegeza masharti mwaka 2015. Kama kipo, hakikisheni kinalishwa stirio moja kwa moja kutoka studio, si kutoka kwenye redio ya AM, na itajeni namba yake ya FM kila mnaporudi hewani. Walio ndani ya mji watahamia huko. Walio mbali na mji watabaki na AM, na kwao ndiko yale marekebisho ya mono na kilohezi 3 yatakakosikika.