Maswali Yenu: Yanayoingia Akilini Bila Hodi

Shikamoo daktari. Eti matangazo ya soda yana maneno ya siri yanayotulazimisha kununua?

Marahaba. Uvumi huo una mwenyewe. Mwaka 1957 Mmarekani James Vicary, mtafiti wa soko, alidai kwamba katika sinema moja ya Fort Lee, New Jersey, alimulika kwenye skrini maneno ya kuhimiza watu wale bisi na wanywe Coca-Cola, kwa kasi isiyoonekana, na bisi zikauzwa zaidi kwa asilimia 57.8. Mwaka 1962 akakiri kuwa takwimu zake zilikuwa chache mno kuwa na maana. Kunywa soda yako kwa amani.

Kuna wimbo sikuupenda ulipotoka. Sasa unapigwa kila daladala, najikuta nauimba. Nimerogwa?

Hujarogwa. Pengine hata hukuuchukia, ulikuwa mgeni tu masikioni. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc alionyesha kwamba kitu tusichokijua tukikutana nacho mara kwa mara, tunaanza kukipenda bila sababu nyingine. Mwaka 1980 yeye na William Kunst-Wilson wakaenda mbali zaidi: waliwaonyesha watu maumbo kwa sehemu ya elfu moja ya sekunde. Baadaye, walipoulizwa ni yapi waliyaona, watu walibahatisha tu. Walipoulizwa ni yapi yanapendeza, wakaelekea kuchagua yaleyale waliyokwisha kuonyeshwa!

Hili linanitisha kuliko bisi za Vicary, maana halihitaji siri yoyote. Tazama mabango ya uchaguzi: sura, jina na chama kwenye kila nguzo ya umeme, hoja hakuna. Siku ya kura, sura uliyoizoea unaiona ya mtu mwaminifu, na ukiulizwa sababu utaitunga papo hapo, tena kwa dhati.

Mimi huchuja maombi ya kazi. Sibagui mtu. Kuna haja ya kujihadhari?

Ipo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2004, Marianne Bertrand na Sendhil Mullainathan walituma wasifu wa kubuni karibu 5,000 kwa waajiri wa Boston na Chicago. Wenye majina ya Kizungu kama Emily na Greg waliitwa mara moja kwa kila maombi 10 hivi. Akina Lakisha na Jamal, majina ya Wamarekani Weusi, wenye sifa zilezile, iliwabidi watume kama 15. Nia ya waajiri haikupimwa, lakini naamini wengi wangejibu kama wewe. Mwambie karani azibe majina kabla hujasoma.

Nimeuziwa rekodi yenye maneno yaliyofichwa chini ya muziki, ya kuongeza kumbukumbu. Itanisaidia?

Hapana. Mwanasaikolojia Anthony Greenwald na wenzake walizijaribu mwaka 1991, za kumbukumbu na za kujithamini, baadhi wakizibadilishia lebo kwa siri. Zaidi ya theluthi ya watu walihisi wameimarika kufuatana na lebo. Vipimo havikuonyesha kwamba maneno yaliyofichwa yalileta faida iliyodaiwa. Dai hela yako.