Kocha Anajibu: Visigino vinanyanyuka nikipiga skwati

*Shikamoo kocha. Nina miaka 27, napiga tizi mwaka sasa kwenye jimu ya mtaani kwetu Tabata. Skwati, ile ya kuchuchumaa na chuma begani, nimefika kilo 80, ila nikishuka visigino vinanyanyuka. Navaa raba za kukimbilia, zile za soli nene. Rafiki yangu mmoja ananiambia visigino nivikanyagishe kwenye pleti ndogo, yale masahani ya uzito, mwingine anasema ninunue viatu maalumu vya kubebea chuma. Mfukoni nina elfu sitini. Nifanyeje?*
*Msomaji, Tabata*

Marahaba mwanangu. Hiyo elfu sitini iache ilipo kwanza, uvue hizo raba.

Raba ya kukimbilia imetengenezwa ibonyee. Ibonyeze kwa dole gumba pale kisiginoni: ikizama, haifai kwa chuma. Ukiwa na kilo 80 begani soli inazama, tena haizami sawasawa. Mimi yamenikuta. Nilikuwa na raba mtoni zenye mfuko wa hewa kisiginoni, najiona nimefika mjini. Siku hiyo nanyanyuka na kilo 100, mguu wa kushoto ukalalia ndani, goti likafuata. Chuma nilikibwaga kwenye vizuizi vya pembeni kwa kishindo hadi fundi cherehani wa jirani akaja kuchungulia. Goti lilininunia wiki tatu.

Sasa pima kifundo chako. Peku, tazama ukuta, kidole gumba cha mguu kiwe sentimita 10 kutoka ukutani. Peleka goti liguse ukuta, kisigino kibaki chini. Likigusa, mchawi wako ni raba tu. Tafuta kiatu cha soli bapa na ngumu. Converse All Star kilianza 1917 kama kiatu cha mpira wa kikapu, na mpaka leo wabeba vyuma wanakipenda kwa soli yake hiyo. Pale soko la Karume vipo vya mtumba. Nenda asubuhi, ujaribu vyote viwili, na ukunje soli uone kama gundi imekauka.

Goti likigoma kugusa, kifundo kimekaza, na hapo ndipo vile viatu maalumu vina kazi. Kisigino chake ni kigumu, cha mbao au plastiki, kimeinuka kama milimita 20 kuliko mbele. Goti linapata pa kwenda na mgongo haulali. Vipya usivitegemee kwa elfu sitini. Vyangu nilivikuta Karume hiyo hiyo, muuzaji akiniapia ni vya kuchezea dansi kwa sababu ya ule mkanda wa juu na kisigino kinacholia ko-ko-ko. Sikumbishia, nikalipa nikaondoka.

Pleti hapana. Moja ikiteleza, umeanguka na mzigo. Mwambie seremala akukatie ubao mmoja wa unene wa sentimita 2, mrefu wa kutosha visigino vyote viwili, ukanyagie huo. Kila siku rudia lile zoezi la ukutani, kifundo kitalegea taratibu.

Siku ya kunyanyua chuma kutoka sakafuni, ubao na viatu vya kisigino weka kando. Soli ikiwa nene, nawe umepanda juu, chuma kinabaki chini kikikungoja. Safari inarefuka bure. Mimi hubaki na soksi, ila waulize kwanza wenye jimu. Kandambili usithubutu.

Pima huo ukuta, miguu yote miwili, uniandikie umepata sentimita ngapi.