Frimasoni wa Nguzo ya Umeme

Juzi usiku kijana wa Nanyamba kaniandikia: "Shikamoo fundi. Nimeona tangazo la kujiunga Frimasoni upate utajiri, fomu laki na ishirini. Nitume?" Chai ikapoa nimeshika simu, maana mimi nilishatuma.

Ilikuwa msimu wa 2017, korosho zimepita shilingi 4,000 kwa kilo. Waashi wa Mtwara tulikuwa hatulali, kila aliyelipwa anataka tofali. Hela nilikuwa nazo, nikataka zaidi. Karatasi ilibandikwa kwenye nguzo ya umeme: jicho, pembetatu, namba ya simu. Nikatuma ya fomu. Nikatuma ya pete. Ya tatu, ya kafara ya mbuzi mweusi, niliituma nikiwa juu ya jukwaa, vidole vimejaa saruji, simu haisomi, nikawa naifuta kwa shati ili niibiwe vizuri. Jioni namba haipatikani. Mpaka leo nikisema nanunua mbuzi, mke wangu anauliza, "Wa rangi gani?"

Baadaye nilimjengea ukuta mzee mmoja pale Mikindani. Akaniona napiga timazi, ile kamba yenye uzito ya kupimia kama ukuta umenyooka, akacheka, akasema yeye ni Frimasoni. Nusura nimrushie mwiko.

Kumbe wamechukua vitu vyetu! Mfano wao wote ni wa waashi wa mawe, na loji kuu yao ya kwanza iliundwa London mwaka 1717. Loji ndiyo tawi lao. Kwenye mkutano, mkuu wa loji huvaa skwea, kipimo cha kona, shingoni, msaidizi wa kwanza pima maji, wa pili timazi. Anayeingizwa hufungwa macho, kisha huvishwa aproni nyeupe. Kuna jiwe lisilochongwa na lililochongwa. Jiwe ni yeye. Hupewa rula ya inchi 24, ndizo saa za siku, ajue kuzigawa. Maneno hukaririwa. Ngazi ya tatu anaigizishwa kifo cha Hiramu, fundi wa hekalu la Suleimani. Mabishano ya dini na siasa hayaruhusiwi humo.

Nikamuuliza, "Na hela zinaingilia wapi?"

"Zinatoka," akasema. "Tunalipa ada."

Ya nini basi yote hayo? Nikakumbuka kumbini, kwenye jando. Nyakanga, mwalimu wetu wa humo, alituimbisha nyimbo ambazo nilizielewa nilipokwisha kuoa. Aliyepita jando anajua, sisemi zaidi. Mwambie kijana "nyooka", magharibi haijaingia kashasahau. Mshikishe timazi usiku, mbele ya watu wazima walionyamaza, hiyo haimtoki. Ndiyo kazi ya mila, ya kwetu na ya kwao: kuufundisha mwili kitu ambacho sikio limeshakipuuza. Haivuti noti. Mie niliitaka ivute noti, nikavutwa mimi.

Kwa hiyo vijana wangu, msitume hela. Loji haibandiki karatasi kwenye nguzo. Huingii mpaka wanachama wakujue na wakupigie kura. Msitume hela. Na anayekuuzia kafara kwa simu, jiulize mbona yeye anahangaika na laki yako. Mnapenda njia ya mkato kuliko mlivyopenda kufundishwa, na nasema hivyo nikijua nani aliyenunua mbuzi asiyemuona.

Kijana wa Nanyamba nimemjibu: hiyo laki na ishirini nunua timazi, pima maji na skwea, Jumatatu uje saiti. Alama za bluu zimetokea. Hajajibu.