Zabibu za Hungaria: ipi ni ya huko kweli?

Swali: Ninahudumu kwenye mgahawa, na sehemu ya kazi yangu ni kuwaeleza wateja habari za mvinyo. Orodha yetu ina chupa nne za Hungaria: Kéknyelű, Kadarka, Furmint na Cserszegi Fűszeres. Zote zimeandikwa kuwa ni zabibu za asili ya nchi hiyo. Mteja mmoja alinibishia kwamba Kéknyelű ni ileile Picolit ya Italia. Nimjibu nini? Na hizo nyingine zimetoka wapi?

Jibu: Mteja wako amekosea, ila hakulizua mwenyewe, dai hilo ni la zamani. Kéknyelű ni zabibu ya Badacsony, mlima wa volkano uliozimika, kaskazini mwa Ziwa Balaton. Vinasaba vyake vilipolinganishwa na vya Picolit vilionyesha kuwa hizi ni aina mbili tofauti. Kinachofanana ni ua.

Na ua hilo ndilo ningekushauri umweleze mteja. Mizabibu mingi inayolimwa ina maua yenye jinsia zote mbili, kwa hiyo mche hujichavusha wenyewe. Ua la Kéknyelű ukilitazama kwa karibu, ovari, yaani sehemu ya kike, iko sawa katikati, lakini stameni, sehemu za kiume zinazotoa chavua, zimejipinda kuelekea chini, na chavua yake hairutubishi. Ukipanda Kéknyelű tupu shamba zima, utavuna vichala vyenye punje za kuhesabu. Wakulima wa Badacsony wamekuwa wakiipanda pamoja na Budai Zöld, aina nyingine ya eneo hilo inayoipatia chavua. Hata hivyo, mvua au baridi ikiingia siku za kuchanua, mavuno huwa haba. Ndiyo maana wengi waliiacha wakafuata aina zinazozaa bila kubembelezwa, ikabaki kidogo itoweke. Mwaka 1957 wataalamu huko Badacsony walizichavusha hizo mbili, Kéknyelű na Budai Zöld, wakapata aina mpya, Rózsakő. Ukiikuta kwenye chupa, wajua wazazi wake.

Kadarka ni habari nyingine. Hungaria imeipenda mno, hasa Szekszárd na Eger, lakini wazazi wake wanaelekeza kusini: mmoja ni Papaskarası, zabibu ya Thrace upande wa Uturuki, na mwingine ni Skadarsko ya Balkani. Bulgaria wanayo pia, wao wanaiita Gamza. Simulizi ya kawaida ni kwamba Waserbia waliowakimbia Waottomani ndio walioipeleka kaskazini, na vinasaba havipingani na simulizi hiyo. Kwa hiyo usiseme imezaliwa Hungaria. Sema imelelewa huko karne kadhaa, na hapo hutakuwa umemdanganya mtu.

Vipimo hivi hufanyikaje? Katika kila sehemu ya vinasaba inayopimwa, mche una nakala mbili, moja kutoka kwa kila mzazi. Aina mbili zikishiriki angalau nakala moja katika kila sehemu, sehemu nyingi mfululizo, huenda mmoja ni mzazi wa mwenzake. Kipimo peke yake hakikuambii yupi ni mzazi na yupi ni mtoto. Hapo inabidi kumpata mzazi wa pili.

Kwa njia hiyo Furmint, zabibu kuu ya Tokaj, eneo la mvinyo la Hungaria, imeonekana kuwa mtoto wa Gouais Blanc, zabibu ya kale ya Ulaya ya Kati ambayo ni mzazi wa Chardonnay pia. Basi Furmint na Chardonnay ni ndugu wa mzazi mmoja! Hárslevelű, mwenzake wa Tokaj, ni mtoto wa Furmint. Hizi mbili ziite za Hungaria bila wasiwasi.

Cserszegi Fűszeres haina fumbo lolote. Károly Bakonyi aliizalisha mwaka 1960 kwa kuchanganya Irsai Olivér na Traminer nyekundu. Irsai Olivér nayo ilizalishwa na Pál Kocsis mwaka 1930, kutokana na Pozsonyi Fehér na Csaba Gyöngye. Ni ya Hungaria kabisa, lakini si ya kale. Mteja akikuuliza ile harufu kali ya maua na viungo imetoka wapi, mtajie wazazi wote wawili, maana Irsai Olivér na Traminer zote zinanukia sana.