Kitabu Kipi cha Kutambulia Buibui wa Dar es Salaam?

SWALI: Ninafundisha Biolojia katika shule ya sekondari wilayani Temeke, na klabu yetu ya wanafunzi imeanza kuorodhesha buibui wa madarasani na wa kwenye michongoma. Fedha tuliyonayo inatosha kitabu kimoja. Nimeonyeshwa viwili: cha Ulaya, chenye picha za rangi za kuvutia, na cha kusini mwa Afrika, chenye maandishi mengi na michoro isiyo na rangi. Tununue kipi?

JIBU: Mwalimu, nunueni hicho cha kusini mwa Afrika, ingawa najua wanafunzi watanung'unika. Kitabu cha Ulaya kitawakosesha bila ninyi kujua: mtoto atamtazama buibui aliyemo chupani, atapekua kurasa mpaka apate picha inayofanana naye, kisha ataandika jina la kiumbe ambaye hajawahi kuishi katika ukanda huu wa Pwani. Spishi za buibui zilizokwisha kuelezwa duniani zimepita 50,000, na wanaofanana rangi bila kuwa na undugu wa karibu ni wengi mno.

Hata hivyo, hicho cha kusini mwa Afrika msikitegemee kwa majina ya spishi. Familia nyingi zilizomo mtazikuta hapa, na jenasi nyingi pia (jenasi ni kundi dogo la spishi ndani ya familia), lakini spishi ya buibui kwa kawaida huthibitishwa kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya mnyama aliyekomaa, mara nyingi chini ya hadubini, kwa hiyo kitabu kinachodai kumtaja kila buibui kwa picha moja mimi hukishuku. Klabu ya shule ikifika kwenye familia kwa uhakika, imefanya kazi ya heshima.

Michoro mnayoidharau ndiyo itakayowafikisha huko, hasa ile ya mpangilio wa macho. Buibui wengi wana macho 8. Yule mdogo anayerukia inzi ukutani ana mawili makubwa mbele, yamekaa kama taa za daladala. Yule anayekimbia chini mchangani bila kutanda utando ana manne madogo kwenye mstari wa chini, na manne makubwa zaidi juu yake. Lenzi ya mkono inayokuza mara 10 inatosha kuyaona.

Kabla ya kulipa, kijaribuni kitabu kwa buibui mnayemfahamu. Mimi humtumia yule mkubwa, bapa, wa rangi ya kahawia, anayekaa kwenye kuta za bafu akiwa ametandaza miguu ubavuni kama kaa, na ambaye jike lake hubeba chini ya mwili mfuko wa mayai ulio bapa kama sarafu. Jina lake la kisayansi ni Heteropoda venatoria, naye ameenea katika nchi nyingi za joto. Fuateni ufunguo wa utambuzi, yaani ule mfululizo wa maswali ya kitabuni unaokuongoza hadi kwenye jina, hatua kwa hatua bila kuchungulia picha. Mkikwama katika hatua ya pili au ya tatu kwa sababu maneno hayaeleweki, wanafunzi nao watakwama. (Na mkiulizia dukani “kitabu cha buibui”, msishangae mkielekezwa kwa wauza mavazi, mimi yamenikuta Kariakoo.)

Mwaka wa kuchapishwa usiwasumbue sana. Wengi wa buibui wakubwa wanaotanda utando wa rangi ya dhahabu kwenye miti, waliokuwa wakiitwa Nephila, tangu 2019 wamewekwa katika jenasi ya Trichonephila, lakini maumbo yaliyoelezwa katika vitabu vya zamani ni yaleyale.

Ukurasa mmoja uwekeni alama mapema: ule wa Latrodectus geometricus, buibui wa kahawia anayependa kujificha chini ya viti na meza, mwenye alama ya rangi ya chungwa tumboni na mifuko ya mayai yenye vijimiiba. Sumu yake inauma sana, kwa hiyo wanafunzi wapindue viti kwanza na kutazama upande wa chini kabla ya kupitisha mikono.