Maswali ya wasomaji: Kuwahudumia wanaosafiri na watoto

SWALI

Mhariri, ninaishi Kira, wilayani Wakiso, nami ni mama wa watoto wawili, mmoja wa miaka sita na mwingine wa mwaka mmoja na nusu. Kila Desemba ndugu za mume wangu wanaofanya kyeyo, yaani kazi za ughaibuni, huko Ulaya hurudi nyumbani na watoto wao, na mimi ndiye ninayeombwa kiti cha mtoto cha gari, kitanda kidogo, chandarua, jina la daktari wa watoto, hata hoteli yenye bwawa lisilo na kina. Siku hizi marafiki zao nao wananipigia simu, kwa hiyo nimeamua kuifanya kazi hii iwe biashara. Nina akiba ya shilingi milioni sita. Mume wangu anataka tununue gari, rafiki yangu ananishauri nifungue kampuni ya utalii, na wateja wenyewe wanataka niwapatie yaya. Nianze na lipi, na sheria inanitaka nini?

Mama wa wawili, Kira

JIBU

Mama, anza na vifaa, tena vikodishe kwa wiki, si kwa siku. Gari, safari za mbugani na yaya viache kwanza.

Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme kiti umekinunua kwa shilingi 600,000 na unakikodisha kwa 20,000 kwa siku. Familia ikikaa siku mbili, umepata 40,000. Katika hizo utatoa mafuta ya kwenda Entebbe kukipeleka na kurudi, kisha kwenda tena kukichukua na kurudi, na ukipita barabara ya kulipia, gari dogo hutozwa 5,000 kila linapopita. Ndege nyingi za Ulaya hutua usiku, kwa hiyo kuna na posho ya mtu atakayelala na wanao. Kiti kikirudi kikiwa kimemwagikiwa maziwa, kitambaa lazima kivuliwe, kifuliwe na kikauke kabla hakijatoka tena. Hapo umefanya kazi ya bure. Sasa chukua familia inayotua Entebbe na kwenda kukaa wiki tatu kwa bibi, Masaka au Mbale. Wanapokea kiti, kitanda na chandarua uwanjani, wanasafiri navyo, na siku ya kuondoka wanakukabidhi hapohapo uwanjani. Safari zako ni zilezile mbili, lakini hata ukiwapunguzia bei wakalipa 300,000 kwa vyote, kuna kitu kinachobaki mkononi. Ndugu za mume wako ndio mfano wa mteja unayemhitaji. Mtalii wa siku mbili mpe huduma ikiwa tu kiti kiko bure na amekubali kulipa gharama ya kupelekewa.

Mshindani wako si duka la jirani, ni kiti cha mzazi mwenyewe, maana mashirika mengi ya ndege humruhusu mzazi kusafirisha kiti cha mtoto bila malipo. Hata hivyo, anayerudi Desemba na masanduku ya zawadi za ukoo mzima, huku mikono yote miwili ikiwa imeshika watoto, mara nyingi angependa kukiacha. Kitanda ndicho kigumu zaidi kusafirisha, na kwa maoni yangu ndicho kitakachokuletea simu nyingi kuliko kiti.

Kwenye viti nataka uwe mkali kuliko kwenye jambo lingine lolote. Usinunue kiti cha mitumba ambacho hujui kimetoka wapi, hata kama kinang'aa, kwa sababu kiti kilichokuwa ndani ya gari lililopata ajali kinaweza kuwa na ufa usioonekana, na plastiki nayo huzeeka. Ndiyo maana watengenezaji wengi hubandika tarehe ya kutengenezwa na muda wa kutumika. Tafuta lebo ya kanuni ya kimataifa R44 au ile mpya zaidi, R129. Viti vya R44 vilikoma kuuzwa vipya katika Umoja wa Ulaya mwaka 2024, kwa hiyo utaviona vikiuzwa kwa bei ya chini. Lebo hiyo peke yake haikifanyi kiti kuwa kibovu, lakini usikubali kukilipia bei ya R129.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye magari yetu. Mabasi madogo ya zamani yanayobeba watalii mara nyingi yana mkanda wa kiunoni tu kwenye viti vya nyuma, na mengine mkanda umekatwa au umezama chini ya kiti. Kile kiti kidogo cha kumwinua mtoto wa rika la mkubwa wako hakifai kabisa na mkanda wa kiunoni peke yake. Kinahitaji ule unaopita begani. Kabla hujakubali malipo, omba dereva akutumie picha ya mikanda ya gari atakalotumia, na picha isipokuridhisha, kataa kazi. Mzazi akumbushwe pia kwamba mtoto mchanga anayetazama nyuma hawekwi kamwe mbele ya mfuko wa hewa (airbag) unaofanya kazi. Mwonyeshe jinsi ya kufunga, mwache afunge kwa mikono yake, kisha atie sahihi kwamba ameonyeshwa. Sahihi hiyo haichukui nafasi ya bima. Zungumza na kampuni ya bima kuhusu madai ya mteja kabla ya kiti cha kwanza kutoka nyumbani kwako.

Kuhusu sheria, kumkodishia mtu kitanda ni jambo moja, na kumuuzia safari ni jambo lingine. Mwenye kukodisha vifaa anasajili jina la biashara katika Ofisi ya Usajili, URSB, anajiandikisha kwa Mamlaka ya Mapato, URA, kwa nambari ya mlipa kodi, TIN, na analipia leseni ya biashara kwa mamlaka ya eneo lake, ambayo kwako ni Manispaa ya Kira wala si Jiji la Kampala. Biashara ndogo ambayo mauzo yake ya mwaka hayafiki shilingi milioni 150 hutozwa kodi kwa utaratibu rahisi unaotegemea mauzo, na anayeweka kumbukumbu nzuri hunufaika zaidi. Lakini siku utakapokusanya hoteli, gari na kiingilio cha mbuga ukaviuza kwa bei moja, umekuwa mwendeshaji wa safari, na hapo Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inakuweka chini ya leseni ya Bodi ya Utalii ya Uganda. Ushauri wa rafiki yako si mbaya, ila milioni sita zitamezwa na mipango kabla ya mgeni wa kwanza kupanda gari. Kampuni zenye leseni zipo, na nyingi hazina viti vya watoto. Nenda kwao kama mgavi.

Maarifa uliyonayo yaandike kwenye ukurasa mmoja na uutoe bure. Mambo mawili yasikosekane. Kwanza, mgeni wa umri wa mwaka mmoja na zaidi anahitaji cheti cha chanjo ya homa ya manjano, nacho huanza kutumika siku kumi baada ya kuchanjwa, jambo ambalo familia nyingine huligundua zikiwa tayari na tiketi. Pili, aliye chini ya miaka 15 haruhusiwi kwenda kuwaona sokwe wa milimani (gorila). Dawa za kuzuia malaria kwa watoto waachie daktari, usizitaje kwa majina.

Wateja watakutumia picha za pasi za watoto kwenye WhatsApp bila hata kuombwa. Zifute. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 inadai ridhaa ya mzazi kwa taarifa za mtoto, na hiyo inagusa pia ile picha tamu ya mtoto kwenye kiti chako ambayo utatamani kuiweka mtandaoni kama tangazo.

Yaya, hapana, si mwaka huu. Kiti kikiharibika unakilipa, lakini mtoto aliyeachwa mikononi mwa mtu uliyemtuma wewe ni dhamana ya namna nyingine kabisa.

SWALI

Mhariri, nina nyumba ya wageni karibu na Kisoro. Wazazi wanaokwenda kuwaona sokwe huniachia watoto wao wadogo, nami nimekuwa nikiwaangalia kama hisani. Je, naweza kutoza?

Msomaji, Kisoro

JIBU

Toza, dada, kwa sababu hali yako si ya mwenzako wa Kira: wewe uko nyumbani kwako, na sharti la miaka 15 ndilo linalokuletea kazi. Usitoze kwa saa. Wageni huanza kwa maelekezo mnamo saa mbili asubuhi, na ingawa kukaa na sokwe ni saa moja tu, kundi linaweza kupatikana karibu au baada ya kupanda milima nusu ya siku, hivyo hakuna awezaye kuahidi saa ya kurudi. Weka bei ya siku nzima pamoja na chakula. Wawepo watu wazima wawili, kila mmoja akiwa na cheti cha tabia njema cha polisi. Kwa kuwa msituni simu mara nyingi haishiki, mzazi aandike kabla ya kuondoka namba ya ndugu mwingine, mzio wa mtoto, na kliniki anayokubali apelekwe. Ziwa lisiwe sehemu ya matembezi yao. Malipo yachukue asubuhi.